Taa inayotembea juu ya tangi la lita 1,260: nimeishusha kutoka sentimita 60 kwa dakika mpaka milimita 3

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu. Uzi huu ni wa wenye matangi makubwa ya samaki majumbani, hasa mnaofuga samaki wa Ziwa Tanganyika. Miezi kumi na moja nimehangaika na taa moja tu, na Jumamosi iliyopita ndiyo nilikaa mbele ya tangi toka asubuhi mpaka jioni bila kushika bisibisi. Naweka yote hapa, na nilipokosea pia, kwa sababu nilipoanza sikumpata wa kunielekeza kwa Kiswahili.

Tangi lina urefu wa sentimita 240, upana 70, kimo 75. Ukilijaza mpaka ukingoni ni lita 1,260, maana yake maji peke yake yanapita tani moja na robo kabla hujaweka jiwe hata moja. Limekaa juu ya stendi ya skwea paipu, sakafu ya zege, nyumba ya chini. Ndani kuna samaki 24 aina ya Tropheus duboisi na 18 aina ya Cyprichromis leptosoma, na mawe mengi.

Mimi nimekulia Kigoma. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunazamia kwenye miamba upande wa Katonga, na kitu ambacho hakijanitoka kichwani ni mwanga wa mle chini. Asubuhi upande mmoja wa jiwe unawaka, wa pili giza. Mchana jiwe lote linang'aa kwa juu, na michirizi ya mwanga inakimbia juu yake kama wavu unaotikiswa. Jioni mambo yamegeuka, na samaki wamehama na kivuli.

Nilipoweka tangi hapa Dar nilifunga taa mbili katikati, hazisogei. Baada ya miezi michache mwani wote ukawa umeota kwenye mawe ya katikati, ya pembeni yamebaki makavu kama yametoka dukani. Wafugaji wa Tropheus wanajua maana yake. Hawa samaki kutwa nzima ni kukwangua mwani kwenye mawe, ndiyo maisha yao. Dume kubwa likakamata mawe ya katikati likawa linafukuza kila anayesogea, wanyonge wakajibana kona ya filta na mapezi yamechanika.

Ndipo nikanunua mtumba: reli ya kufunga juu yenye mota inayokokota taa, zile za vitalu vya mimea vya ndani, pamoja na taa mbili za metali halaidi (taa kali za balbu zenye mvuke wa metali) za wati 150. Kitoroli kinakwenda, kikifika mwisho kinagonga swichi, kinarudi. Nikapima kwa futi na saa ya simu: sentimita 60 kwa dakika. Safari ya mita 1.8 inaisha kwa dakika tatu.

Piga hesabu. Saa kumi za mwanga ni dakika 600. Samaki aliyetulia sehemu moja anapitiwa na taa mara 200 kwa siku. Cyprichromis wanaoelea katikati ya maji walikuwa wanashuka chini wote kwa pamoja kila ukingo wa mwanga unapowafikia, na siku ya tatu nilimkuta mmoja sakafuni, ameruka, ameshakauka. Samaki hana kope za kufumba. Mboni za wengi wao hazijikunji haraka kama zetu, jicho linazoea mwanga kwa mabadiliko ya ndani yanayochukua makumi ya dakika. Mimi nilikuwa nawapa dakika tatu.

Kwa mmea hiyo kasi haina neno. Kwa samaki ni mateso, na nilizima siku ileile.

#2 Mdau wa Mombasa

Pole kwa huyo samaki, ndugu yangu. Mimi nina tangi la maji chumvi la lita 700 na nimekuwa nikifikiria reli kama hiyo kwa sababu ya matumbawe. Sehemu za chini ya matawi hazipati mwanga, zinakufa zikabaki mifupa. Je, kutembeza taa kutanisaidia ama nitapoteza nguvu ya mwanga?

#3 Fundi umeme

Mkuu, kabla hujaendelea na mambo ya kasi. Metali halaidi inawashwa kwa pigo la volti elfu kadhaa kutoka kwenye ignita, kile kifaa cha kuiwashia. Umeupitisha huo umeme kwenye waya unaojikunja kila dakika tatu, juu ya tani ya maji, ndani ya nyumba ya watu. Una kikatio cha umeme unaovuja?

#4 Mleta uzi

Fundi, swali lako ndilo lililotakiwa kuwa la kwanza kwangu, na halikuwa.

Nilipopunguza kasi mara ya kwanza nilifanya njia rahisi: nikabadilisha mota nikaweka ya DC yenye gia za kupunguza mzunguko, ikawa sentimita 5 kwa dakika. Taa nikaziacha zilezile. Samaki walitulia kiasi, nami nikaridhika. Mwezi wa saba tangu nifunge reli, usiku mmoja nikasikia harufu ya plastiki inayoungua sebuleni. Nikakata umeme kwenye meinswichi ndipo nikapanda ngazi. Waya ulikuwa mzima kwa nje. Nikaukunja pale unapopinda kila siku, nikasikia kitu kinachanika ndani kama mchanga. Nilipouchana ganda kwa kisu, nyuzi za shaba zilikuwa zimekatika karibu zote, zimebaki tatu au nne, na plastiki kuzunguka pale imekuwa kahawia na ngumu. Nyuzi hizo tatu ndizo zilikuwa zinabeba taa nzima. Sentimita arobaini chini yake ni maji, na mwanangu wa miaka sita ana tabia ya kuegemea kioo.

Kikatio cha umeme unaovuja, kile cha miliampia 30, nilikuwa nacho, lakini hakikushtuka kwa sababu umeme haukuwa unavuja popote. Ulikuwa unapita njia yake, njia imekuwa nyembamba. Nasisitiza hili kwa wanaodhani kikatio hicho kinatosha kwa kila hatari.

Kwa hiyo jambo la kwanza nililobadilisha kwa moyo wote ni hili: umeme wa volti 230 hausafiri tena juu ya tangi. Kigeuzi kipo ukutani, mita moja na nusu kutoka kwenye maji, na kinachopanda kwenye kitoroli ni volti 48 za DC tu. Waya ni wa nyuzi nyingi nyembamba, milimita za mraba 1.5, umelazwa ndani ya mnyororo wa plastiki wa kubebea waya kama ule wa mashine za CNC (zile za kukata zinazoongozwa na kompyuta), ili mkunjo usizidi duara fulani na usikae sehemu moja. Waya wowote unaoshuka kwenye soketi nimeuacha uning'inie chini ya soketi kisha upande, tone likiteremka liishie pale chini.

Mdau wa Mombasa, nakuja kwako, jibu lako ni refu.

#5 Mfugaji wa Mwanza

Hiyo ya waya kukatika ndani kwa ndani imenipata kwenye feni ya kusimama. Mkuu, reli umeifunga wapi? Maana siling bodi haibebi.

#6 Mleta uzi

Siling bodi haibebi hata picha kubwa, mkuu. Kwangu juu ni kenchi za mbao, nikapandisha nondo mbili zenye nyuzi za nati mpaka kwenye mbao zenyewe. Usiifunge reli kwenye ukingo wa tangi. Kioo kimetengenezwa kubeba maji yanayosukuma kwa nje, hakikutengenezwa kubeba mtikisiko wa kitu kinachotembea juu yake.

Reli ya mtumba niliiacha baadaye kwa sababu chuma chake kilianza kushika kutu kwa mvuke wa tangi. Nikaenda kwa fundi wa madirisha ya alminiamu mtaani, nikanunua reli ya dirisha la kusukuma, mita 2.4, na magurudumu yake manne ya nailoni. Haishiki kutu, inateleza, na kila mtaa una fundi wake. Hata wewe Mwanza utaipata leo hii. Kitoroli ni bamba la alminiamu lenye magurudumu hayo manne. Halafu weka kamba ya usalama ya waya wa chuma kutoka kwenye kitoroli mpaka kwenye nondo ya juu, iwe na urefu wa kutosha kutembea lakini fupi kuliko umbali kutoka hapo juu mpaka kwenye maji. Gurudumu likitoka relini, taa itaning'inia hewani, haitazama.

#7 Mleta uzi

Sasa Mombasa. Taa ikitembea, nguvu inagawanyika. Tuchukue tumbawe lako linapata mwanga wa kiwango cha 300 kwa saa kumi kila siku. Ukichukua taa hiyohiyo ukaitembeza juu ya urefu mara mbili, jumla ya mwanga kwa siku pale pale inashuka karibu nusu. Huo mwanga uliopotea haukupotea, umeenda kwa jirani. Faida ni kwamba unaingia kwa pembe nyingi: asubuhi unapiga ubavu wa kushoto, jioni wa kulia, na chini ya tawi panapata chochote badala ya sifuri. Lakini kama taa yako ya sasa inatosha tu bila ziada, ukiitembeza utayaona matumbawe yanapauka au yanageuka kahawia. Anza na taa yenye nguvu zaidi kuliko unayohitaji, au tembeza umbali mfupi, sentimita 40 hivi, inatosha kuvunja kivuli.

Kwa maji chumvi ongeza tahadhari moja: chumvi inatambaa. Kila kitu cha chuma juu ya tangi lako kitaliwa. Magurudumu ya nailoni yenye ekseli ya chuma cha pua tu.

#8 Dada wa Nairobi

Hongera kwa kazi hii. Swali langu: mbona usifunge taa kumi ndogo zisizosogea, kisha programu iziwashe na kuzizima moja baada ya nyingine kutoka mashariki hadi magharibi? Hakuna mota, hakuna waya wa kukatika, hakuna kitu cha kuanguka.

#9 Mleta uzi

Dada, umesema kweli, na kwa watu wengi ushauri wako ni bora kuliko uzi wangu mzima. Anayetaka amani afuate hiyo njia.

Niliijaribu kwa wiki mbili na vipande sita vya LED. Kilichonirudisha kwenye reli ni kivuli. Taa mbili zikipokezana, jiwe moja linakuwa na vivuli viwili, kimoja kinafifia na kingine kinakolea, lakini hakuna kinachosogea. Cha jua kinasogea. Pili, ile michirizi ya mwanga inayocheza juu ya mawe inatokea tu kama mwanga unatoka kwenye nukta moja ndogo. Maji yakiwa na vijiwimbi, kila wimbi ni kama lenzi, linakusanya mwanga wa nukta ile na kuupiga chini. Ukiweka vipande virefu au taa nyingi, kila taa inafuta michirizi ya mwenzake, chini panakuwa na mwanga bapa. Ndiyo maana metali halaidi zinapendwa mpaka leo na wenye matangi makubwa.

Kwa hiyo nilichagua LED za COB, zile zenye kibamba kimoja kidogo cha njano, wati 50 kila moja, mbili zimepakana katikati ya kitoroli ili zionekane kama jua moja. Kila moja imekaa kwenye kipande kizito cha alminiamu chenye mapezi ya kupoozea, bila feni. Zamani nilikuwa nakula wati 300 bila kuhesabu ballasti (kifaa kinachodhibiti umeme wa balbu), kwa saa kumi ni uniti tatu. Sasa ni uniti moja. Zaidi ya hapo, metali halaidi umeme ukikatika ikazimika, ukirudi haiwaki mpaka balbu ipoe, dakika kumi hadi kumi na tano. Kwa huku kwetu hilo peke yake lilitosha kuiuza.

#10 Mfugaji wa Mwanza

Twende kwenye kasi sasa mkuu. Milimita 3 kwa dakika umeipataje?

#11 Mleta uzi

Hapa ndipo nilipofurahi kuliko pote.

Nilikaa nikajiuliza kwa nini taa irudi. Jua linakwenda upande mmoja tu. Kwa hiyo nikaamua safari iwe moja kwa siku: saa 2 asubuhi taa iko mwisho wa mashariki wa tangi, saa 12 jioni iko mwisho wa magharibi, na usiku inarudi gizani imezimwa. Mita 1.8 kwa saa 10. Ni milimita 1,800 kwa dakika 600, yaani 3 kwa dakika. Ukiiangalia huioni ikitembea. Unaondoka kunywa chai, ukirudi kivuli kimehama.

Mota ya DC haiwezi kwenda taratibu hivyo bila kukwama. Nikatumia mota ya hatua (inayozunguka kwa vihatua vinavyohesabika), saizi ya NEMA 17, yenye hatua 200 kwa mzunguko. Draiva, yaani bodi inayoiendesha mota, inagawa kila hatua mara 16, zinakuwa 3,200. Puli ina meno 20 na mkanda wa GT2 una milimita 2 kati ya jino na jino, kwa hiyo mzunguko mmoja unavuta milimita 40. Gawanya 3,200 kwa 40: hatua ndogo 80 kwa kila milimita. Safari nzima ni hatua 144,000. Saa kumi ni sekunde 36,000. Gawanya tena: hatua nne kwa sekunde, kamili, hakuna sehemu inayobaki.

Bodi ya kuendeshea programu ni Arduino Uno, kompyuta ndogo. Saa ni moduli ya DS3231 yenye betri yake ndogo ya kidonge, kwa hiyo umeme ukikatika haipotezi muda. Mwanga unapanda taratibu saa ya kwanza na kushuka saa ya mwisho. Programu inakokotoa mwanga kutokana na nafasi ya kitoroli.

Na hapa nina tatizo ambalo sijalitatua, naomba msaada. Kila siku bila kukosa, saa 4 na dakika 16 asubuhi, taa inazimika. Kitoroli kinaendelea kutembea vizuri. Halafu saa 6 na dakika 33 mchana inaanza kuwaka tena kidogo kidogo kana kwamba kumekucha upya. Nimebadilisha draiva za LED, nimebadilisha kigeuzi, nimebadilisha waya. Muda ni uleule.

#12 Fundi umeme

Ingekuwa joto muda usingekuwa sawa kila siku. Hiyo siyo ya umeme, hiyo ni ya programu. Tuwasubiri wanaojua.

#13 Mwanafunzi wa programu

Kaka shikamoo. Je, nafasi ya kitoroli umeitangaza kama `int` (aina ya namba nzima fupi)?

Kwenye Uno `int` inabeba mwisho 32,767. Ukiongeza moja inaruka kuwa hasi 32,768. Kwa hatua nne kwa sekunde, hatua 32,768 ni sekunde 8,192, ambazo ni saa 2, dakika 16 na sekunde 32. Ukianza saa 2 asubuhi unafika saa 4 na dakika 16. Nafasi inakuwa hasi, programu inaona kitoroli kipo kabla ya mwanzo, inazima mwanga. Kisha inahesabu kutoka hasi kurudi kwenye sifuri kwa muda uleule mwingine, unafika saa 6 na dakika 33. Hapo inadhani ndiyo alfajiri.

Badilisha iwe `long`, inayobeba namba kubwa zaidi.

#14 Mleta uzi

Marahaba mdogo wangu. Nimebadilisha neno moja. Leo saa 4 na dakika 16 nilikuwa nimesimama mbele ya tangi na saa mkononi, ikapita, taa inawaka. Mke wangu alitoka jikoni kuuliza kuna nini maana nilipiga kelele.

Wiki tatu nilikuwa nafungua waya. Mungu akubariki sana na masomo yako.

#15 Mdau wa Mombasa

Kijana amefanya kazi safi kabisa. Je, taa umeiinamisha asubuhi na jioni kama jua linavyokaa upande?

#16 Mleta uzi

Nilitaka, nikaacha, na sababu ni nzuri kuijua. Mwanga ukiingia majini unapinda kuelekea chini. Hata jua likiwa linagusa upeo wa macho, samaki aliye chini hawezi kuuona mwanga wake ukija kwa ulalo wa zaidi ya nyuzi 49 hivi kutoka wima. Na jua likiwa chini kabisa hivyo, sehemu kubwa ya mwanga wake inarudishwa juu na uso wa maji, haiingii. Kwa hiyo mle ziwani hakuna asubuhi ya mwanga wa kulala kama tunayoiona sisi ufukweni. Taa inayotazama chini, ikisogea kutoka mwisho hadi mwisho, inatoa pembe za kutosha. Kuinamisha kungeongeza mota ya pili na kummulika mtu aliyekaa kwenye kochi.

#17 Mfugaji wa Mwanza

Mimi ninao frontosa wanane, tangi la mita mbili. Hao wanapenda giza. Reli itawafaa?

#18 Mleta uzi

Frontosa ziwani wanakaa kina kirefu kuliko hawa wangu, macho yao hayakuzoea mwanga mkali. Usiwape mwanga wa tangi zima kwa wakati mmoja. Uzuri wa taa inayotembea ni kwamba daima kuna upande wenye kiza. Kwangu, kwa kipimo cha simu (siyo cha maabara), chini ya taa ni kama luksi 18,000 juu ya maji na mwisho wa pili haifiki 1,000. Kwa frontosa ningepunguza mwanga mpaka robo, na ningefupisha safari ili theluthi moja ya tangi isifikiwe kabisa. Wape pango huko. Ila usiwachanganye na Cyprichromis kama wangu, frontosa mkubwa anawala usiku wakiwa wamelala.

#19 Fundi umeme

Umeme ukikatika katikati ya siku, ukirudi kitoroli kinajuaje kilipo?

#20 Mleta uzi

Hakijui, na hilo lilinisumbua. Ukirudi umeme, kwanza taa inabaki imezimwa. Kitoroli kinarudi mashariki kwa kasi ya usiku, milimita 60 kwa dakika, mpaka kiguse alama ya mwanzo. Kisha kinasoma saa, kinapiga hesabu ya mahali kinapotakiwa kuwa, kinakwenda pale gizani. Ndipo mwanga unapanda kwa dakika 20. Ikibidi yote yachukue saa nzima, na ichukue. Samaki kukaa saa moja kwenye mwanga wa dirishani si tatizo, kuwashiwa wati 100 ghafla usoni ndilo tatizo. Betri ya akiba nimeiwekea pampu ya hewa, maana bila hewa hawana muda mrefu. Taa wanaweza kuisubiri.

Alama ya mwanzo ilikuwa swichi ya kugonga. Mvuke ukaingia, ikashika kutu ndani, siku moja ikakataa kukatika na mota ikasukuma kitoroli kwenye ukingo usiku kucha. Sasa ni swichi ya kioo inayovutwa na sumaku, nimeizika kwenye gundi ya epoksi, mvuke hauingii. Sumaku ipo kwenye kitoroli, hakuna kinachogusana. Na programu ina sheria: ukivuta kwa dakika 35 hujaiona sumaku, simama, zima kila kitu.

Jambo la sauti nalo. Draiva ya kwanza, A4988, ilikuwa inatoa mlio mwembamba na kila hatua inagonga. Mimi nilikuwa nasikia kidogo tu, lakini samaki ana mstari wa ubavuni unaohisi mtikisiko wa maji, na Tropheus walikuwa wanakaa mbali na upande wa mota. Nikaweka TMC2208, mlio ukaisha, na chini ya bano la mota nikakata vipande vya soli ya ndala. Punguzeni pia mkondo wa mota kwenye draiva, maana mota ya hatua inakula umeme na kupata moto hata ikiwa imesimama.

#21 Dada wa Nairobi

Na mawe ya pembeni? Hilo ndilo lililokuanzisha.

#22 Mleta uzi

Dada, asante kwa kuuliza.

Ni wiki ya tisa kwa mfumo huu. Mawe yote yana utando wa kijani, mwembamba, kutoka mashariki mpaka magharibi, hata kwenye ubavu ambao zamani ulikuwa haujawahi kupata mwanga. Ukisogeza uso karibu na kioo unaona alama za midomo yao, vifuto vidogo vidogo vya nusu duara, sasa vipo kila jiwe. Dume kubwa bado ni mkali, lakini anatawala jiwe lake asubuhi, na taa ikishapita mchana wenzake wanakula upande wa pili yeye hana habari. Mapezi yameota. Chakula cha punje nimepunguza kidogo, tena cha mimea tu, maana hawa ukiwapa protini nyingi tumbo linavimba na wanakufa.

Jike mmoja ana mdomo umejaa (hawa hulea mayai na watoto mdomoni), siku ya kumi na nane leo. Haongozani na wenzake, anatafuna hewa tu kugeuza alichobeba. Anakaa upande wenye kivuli, na nimemfuatilia siku tatu mfululizo: asubuhi yupo magharibi karibu na filta, saa sita yupo nyuma ya jiwe kubwa, jioni amehamia mashariki. Watoto wa duboisi wakitoka ni weusi wenye madoa meupe mwili mzima. Nimeshaweka rundo la mawe madogo kona zote mbili wapate pa kujificha, na usiku nimefunga mdomo wa bomba la filta kwa sponji.

#23 Mwanafunzi wa programu

Kaka, wakitoka weka picha. Na ile programu naomba uniwekee niipitie yote, nimeona kwenye hesabu ya mwanga wa jioni kuna sehemu nyingine inaweza kuzidi `int`.

#24 Mleta uzi

Nimeiweka kwenye ujumbe wako binafsi, dakika hii.

#25 Mleta uzi

Wametoka kumi na mmoja. Nimewahesabu saa 12 kasoro jioni, taa ikiwa imebakiza sentimita tano kufika mwisho. Madoa yao yanaonekana kuliko mwili. Watatu wapo chini ya jiwe la kwanza la magharibi, wengine wametawanyika kona ile ile ya filta, na mmoja ameshaanza kukwangua.